Nitamwacha Kwako

"Nitamwacha huko huko kwako, mama. Kumrudisha ni kumtesa tu."

Mwalimu alisimama kwenye korido, kikapu cha nepi zilizokauka kikiwa kiunoni. Alikuwa ametoka uani kuanua nguo na alitaka kupita tu aende chumbani kumalizia kufunga mizigo. Sauti ya mumewe ilitoka jikoni, imeteremshwa chini, sauti ile ambayo wanaume huitumia wanapozungumza na mama zao au na askari wa barabarani.

"Hapana, hajui," mumewe aliendelea kwenye simu. "Nitamwambia tukishavuka mpaka. Nikimwambia sasa hatoki hapa, namjua. Wewe usiwe na wasiwasi. Atapumzika hapo kwako. Mpo wengi, hatakosa wa kumwangalia."

Moyo wa Mwalimu ukampiga paa. Aliangalia mlango wa chumbani, uliokuwa wazi kidogo, akaona mguu wa binti yake umechomoza kwenye chandarua, mnene, umevaa soksi moja. Nyingine alikuwa ameivua kama kawaida yake. Walimwita Bosi, maana tangu azaliwe hapakuwa na mtu mwingine aliyetoa amri katika nyumba ile na akatiiwa. Alikuwa na miezi minane. Kesho asubuhi walikuwa wamsafirishe kwa gari, wavuke mpaka, wakamwonyeshe kwa bibi yake mzaa baba.

Nitamwacha huko huko kwako.

Mwalimu alirudi nyuma taratibu, akaegemea ukuta, akapumua kama anavyowafundisha wanafunzi wake kupumua kabla ya kuondoa gari. Haikusaidia kitu.

Ni vyema kumwelewa mwanamke huyu, maana hakuwa mwoga wa kuzaliwa. Alikuwa anafundisha udereva, na ndiyo sababu mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Kwa miaka mingi alikaa pembeni ya watu waliokanyaga mafuta wakidhani wamekanyaga breki, na hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Lakini siku alipotoka hospitali na Bosi mikononi, njiani kurudi nyumbani, aliona kila lori linakuja kwake yeye. Tangu siku hiyo hakugusa usukani. Akipanda teksi, mguu wake wenyewe ulikuwa unatafuta breki sakafuni. Likizo ya uzazi ilipokwisha aliomba aongezewe, akasema mtoto anaota meno. Mtoto hakuwa na jino hata moja.

Na breki ile aliyoitafuta aliifahamu vizuri. Ilikuwa ndani ya Bikizee, gari la marehemu baba yake, aliyekuwa mwalimu wa udereva kabla yake. Bikizee alikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja upande wa mwalimu. Hapo nyumbani hakuna aliyemwita gari. Asubuhi za baridi walisema amekataa kuamka, mlimani walisema anakohoa, na akipelekwa gereji walimwambia fundi wa magari ampe pole. Ndani ya Bikizee ndimo Mwalimu alimojifunza kuendesha, na ndimo alimompata mume. Mume mwenyewe alikuwa fundi wa mafriji, na ndiyo sababu aliitwa Fundi, mgeni kutoka nchi ya pili, aliyekuja kujifunza udereva na akashindwa mtihani mara mbili. Baada ya ndoa alikiri kwamba alishindwa makusudi, kwa sababu angefaulu masomo yangekwisha.

Safari ilipoanza kupangwa, Mwalimu alitoa sharti moja tu: wakienda, waende na Bikizee. Hakutaka mtoto wake apande basi la mtu asiyemjua. Fundi alikubali haraka mno, na sasa, akiwa ameegemea ukuta wa korido, Mwalimu alianza kujiuliza haraka ile ilikuwa ya nini.

Mama yake yeye, aliyekuwa akiishi nao tangu mjukuu azaliwe, alipinga safari ile kuanzia siku ya kwanza, na kila siku alikuja na sababu mpya. Mara huko wanaendesha upande wa kulia, mtagongana uso kwa uso. Mara maji ya huko mazito kwa tumbo la mtoto. Jana alipokosa sababu nyingine aliisema ile aliyokuwa ameificha muda wote, kwamba mkwe wake alilelewa na bibi yake, na watu waliolelewa na mabibi huona ni jambo la kawaida kumpelekea bibi mtoto. Mwalimu alimkemea mama yake kwa adabu. Lakini maneno yale yalikuwa yamekaa. Fundi mwenyewe alipenda kusema, tena kwa kujisifu, kwamba mama yake alimpeleka kwa bibi akiwa bado ananyonya, na akawa mtu kamili.

Aliingia chumbani, akaweka kikapu chini. Begi la Bosi lilikuwa wazi juu ya kitanda. Alianza kutoa nguo moja moja: sweta la njano, kofia, gauni la kumwonyesha kwa bibi. Chini kabisa palikuwa na pasipoti ya mtoto. Aliifungua. Pichani Bosi alikuwa amefumba jicho moja, na pembeni ya shavu vilionekana vidole vya baba yake vikimshikilia shingo isianguke. Siku ile mpiga picha alilalamika kuhusu vidole hivyo, na wao walicheka hadi machozi yakawatoka. Mwalimu aliifunga pasipoti akaitia kifuani, ndani ya nguo.

Fundi aliingia akipiga mluzi, kitambaa cha jikoni begani.

"Mbona unatoa?" aliuliza. "Au kofia ile ndogo inambana?"

"Safari hakuna."

Aliacha kupiga mluzi. Alimtazama mkewe, kisha begi, kisha mtoto aliyekuwa amelala, akateremsha sauti.

"Mama amekuambia nini tena?"

"Mama yangu hajaniambia kitu. Ni wewe na wako." Mwalimu alikuwa analikunja gauni ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Nimekusikia ukimwambia. Kila neno."

Fundi akabadilika rangi. Na hicho ndicho kilichommaliza mkewe. Angekana, angecheka, angeuliza neno gani, pengine moyo ungetulia. Lakini alikaa kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyefumaniwa, akajifuta mikono kwa kile kitambaa ingawa ilikuwa mikavu.

"Nilikuwa nitakwambia," alisema.

"Tukishavuka mpaka."

"Ndiyo. Kwa sababu hapa usingekubali."

"Kwa hiyo ulitaka nifike kule, nisimjue mtu, sina pa kukimbilia, ndipo uniambie?"

"Mke wangu, hata wewe unajua hali yake. Amechoka. Ile njia ya kwenda ataimudu, lakini kurudi hataweza. Atatufia njiani."

Mwalimu alimtazama mwanamume huyu ambaye usiku humwimbia mtoto nyimbo za matangazo ya redio kwa kuwa hajui nyingine, na akaona anaishi na mtu asiyemfahamu.

"Atatufia?" alirudia kwa sauti ndogo. "Unasema atatufia, umekaa hapo unajifuta mikono?"

"Sasa nifanyeje? Na yeye umri umeenda."

"Umri?"

"Umri, ndiyo. Giaboksi imekwisha kabisa. Fundi wa gereji ameniambia ana safari moja ndefu iliyobaki, hana mbili."

Mtoto aligeuka, akanyonya hewa kidogo, akaendelea kulala. Mwalimu alikuwa amesimama na gauni mkononi, mdomo wazi.

"Unamsema nani?" aliuliza mwishoni.

"Bikizee. Wewe ulidhani—" Fundi hakumaliza. Mkewe alikuwa ameweka mkono kifuani na kupitia kitambaa chepesi ilionekana kona ya pasipoti. Fundi aliitazama ile kona kwa muda mrefu. Macho yake yalijaa machozi, na Mwalimu akajisikia vibaya kwa namna ambayo hakuitarajia.

Nje ya mlango, mama yake Mwalimu aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo alikohoa kidogo akarudi sebuleni. Naye alikuwa amepata jibu lisilomfaa.

Mwalimu alikaa chini. Kisha hasira ikaja, maana hofu ikikosa kazi hutafuta nyingine. Alimuuliza kwa nini amemficha. Fundi alieleza kwa kukwamakwama. Alijua gari lile ndilo lililobaki la baba mkwe wake. Alijua pia kwamba mkewe amesema bila Bikizee hatoki. Angesema hawezi kurudi, safari ingevunjika, na mama yake kule miguu imekataa, hawezi kuja yeye, na mjukuu amemwona kwenye simu tu. Alifikiri wafike kwanza. Kule kaka yake ana vipuri vya magari ya aina ile, angemfungua taratibu, na wao wangerudi kwa usafiri mwingine. Alikuwa amepanga kila kitu, isipokuwa namna ya kumwambia.

"Ulikuwa unampakia mtoto wangu kwenye gari lenye giaboksi mbovu," Mwalimu alisema, "na mimi mwalimu wa udereva nimekaa pembeni."

"Nilikosea."

"Ulikosea sana."

"Nilikosea sana," alikubali.

Hapo ungedhani yamekwisha. Fundi mwenyewe alidhani hivyo, maana alinyoosha mkono kumshika mkewe. Lakini ile hofu ilikuwa imekaa naye kwa muda mfupi tu na tayari ilikuwa imemwonyesha kitu. Mwalimu hakumpa mkono wake.

"Nikuulize jambo," alisema. "Nijibu ukweli. Mama yako amewahi kumuomba Bosi?"

Fundi alitazama sakafu.

"Nimekuuliza."

"Wiki iliyopita. Alisema nimwachie hata miezi mitatu, wewe urudi kazini bila hofu. Alisema kwa nia njema."

"Ukamjibu nini?"

"Sikujibu."

"Ulinyamaza."

"Ni mama yangu. Ulitaka nimwambie nini?"

"Hapana," Mwalimu alisema. "Ulitakiwa umwambie hapana. Si neno refu."

Mwalimu hakuwa ameota. Mama yake hakuwa mchawi wala mbeya. Kule ng'ambo kulikuwa na mwanamke anayesubiri mjukuu wake, ambaye aliuliza na akanyamaziwa, na huku kote watu wanajua mtu akinyamaza huhesabiwa amekubali. Aliona safari yote ilivyokuwa inakwenda kuwa: wamekaa sebuleni kwa watu, Bosi yuko mapajani kwa bibi yake, kitanda chake kidogo kimeshatandikwa, na mumewe anatazama sakafu kama anavyoitazama sasa.

"Siogopi kwamba ungemwacha," alimwambia. "Naogopa kwamba ungeshindwa kusema hatumwachi. Naogopa ningesema mimi peke yangu, mbele ya ndugu zako wote."

Fundi aliinuka, akaenda kwenye kitanda cha mtoto, akaokota ile soksi iliyovuliwa, akaishika.

"Nikikwambia kwamba nililelewa na bibi nikawa mtu, huwa nacheka," alisema. "Umewahi kugundua? Huwa nacheka kwanza, ndipo nasema."

Mwalimu alikuwa hajawahi kugundua.

"Bibi ndiye niliyemwita mama. Siku moja wakasema mama yako anakuja kukuchukua. Nikauliza, mama si huyu hapa? Alipofika nikaingia chini ya kitanda. Niliogopa, mke wangu. Niliogopa kama naogopa mnyama. Nilimsikia akiuliza yuko wapi mwanangu, wakamwambia ameenda kucheza. Nikakaa mle chini hadi alipoondoka." Aliizungusha ile soksi mkononi. "Sasa nimwambie hapana, aniulize kwa nini. Nimjibu nini? Nimwambie nilikukimbia?"

Mwalimu aliinuka. Alitaka kumkumbatia na alijua akimkumbatia sasa, jambo litaishia hapo, kwenye huruma, na kesho wataondoka bila kulisema. Kwa hiyo alifanya kilichokuwa kigumu zaidi. Alichukua simu ya mumewe juu ya meza akampa.

"Mwambie," alisema. "Mimi niko hapa."

Fundi alipiga. Aliweka sauti ya nje. Mama yake aliitikia mara moja, mchangamfu, akauliza kama wamesahau kubeba dawa ya homa.

"Mama, ni kuhusu mtoto. Ulipoomba nikuachie, nilinyamaza."

"Nikajua umekubali. Hata kitanda nimeshaazima kwa jirani."

Mwalimu alifumba macho.

"Sikukubali, mama. Tunakuja naye na tutarudi naye."

Upande wa pili kuku mmoja alisikika akilalamika mbali.

"Mkeo amekukataza?"

"Hapana. Mimi." Fundi aliishika ile soksi kwa nguvu. "Mama, unakumbuka siku uliyokuja kunichukua kwa bibi? Wakakuambia nimeenda kucheza?"

"Nakumbuka."

"Sikwenda kucheza. Nilikuwa chini ya kitanda. Nilikuwa nakuogopa. Sikukujua, mama. Unisamehe."

Safari hii kimya kilikuwa kirefu mno, hata Mwalimu akaisogelea simu kuona kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Nilijua," yule mama alisema. Uchangamfu wote ulikuwa umetoka. "Vidole vya miguu vilikuwa vinaonekana. Nilikaa juu ya kile kitanda, nikasema nisubiri, atatoka mwenyewe. Jua likazama. Nikarudi peke yangu, nikaja tena mwaka uliofuata." Alivuta pumzi. "Sijawahi kumwambia mtu. Basi mlete nimwone, mwanangu. Nimpakate tu, kisha mwondoke naye. Kile kitanda nitakirudisha kwa wenyewe."

Simu ilipokatika, Fundi aliketi sakafuni, na mkewe akaketi naye. Alitoa pasipoti kifuani akaiweka kati yao, ina joto la mwili wake, na Fundi akaweka kichwa begani pake akalia kama mtu anayetua mzigo. Waliketi hivyo hadi Bosi alipoamka na kuanza kudai haki zake.

Mwalimu alimnyonyesha, akambadilisha, akampeleka sebuleni kwa bibi yake, aliyempokea bila kumtazama mtu usoni. Kisha akatwaa ufunguo wa Bikizee kwenye msumari.

"Wapi?" Fundi aliuliza.

"Nikamsikilize mwenyewe. Simwamini fundi wa gereji, wala sikuamini wewe."

"Wewe utaendesha?"

Mwalimu alifungua mlango, akakaa nyuma ya usukani, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu awe mama. Harufu ilikuwa ile ile, ya viti vya zamani na mafuta. Fundi aliingia upande wa pili, upande wa mwalimu, akavuta mkanda.

"Leo breki iko kwako," mkewe alimwambia.

Bikizee alikohoa, akaamka. Walitoka getini polepole kuliko mtu anayetembea. Mtaa ulikuwa na watoto wa mpira, mwenye baiskeli aliyebeba kreti za soda, na kwenye njia panda kulikuwa na lori limesimama likiwasha indiketa. Lori lilikuwa lori tu, dereva wake anakula mkate, na hata hivyo yeye alilisikia likimjia. Alibadili gia, ikalia kwa uchungu. Aliisikiliza hadi mwisho kama daktari anavyosikiliza kifua. Alimwelewa Bikizee. Kweli, ana safari moja, tena fupi.

"Atafika mpakani," alisema, jicho likiwa barabarani. "Zaidi ya hapo hapana. Kaka yako aje na gari lake atupokee, Bikizee avutwe. Na mpaka nitauvuka kwa miguu, mtoto nimembeba mimi."

"Sawa."

"Tutamwacha huko."

"Sema nani," Fundi alisema. "Kuanzia leo katika nyumba hii, mtu ataje jina."

"Bikizee," Mwalimu alisema, na alipolitaja akamkumbuka baba yake, na machozi yakamtoka akiwa anaendesha. Hakuyafuta, kwa kuwa wanafunzi wake aliwakataza kuondoa mkono kwenye usukani.

Zamani, wakati Fundi anashindwa mitihani makusudi, alimuuliza atajuaje kwamba mwalimu wake ni mzuri. Mwalimu alimjibu kwamba mwalimu mzuri anaweka mguu juu ya breki, haikanyagi. Anaogopa, lakini haikanyagi.

Lori liliondoka, likawapita karibu kabisa, upepo wake ukalitikisa gari. Mwalimu alishika usukani kwa nguvu zote akaendelea mbele. Ndipo akatupa jicho chini, upande wa pili, kuona kwa nini gari halikusimama. Mguu wa mumewe, ndani ya ndala, ulikuwa juu ya breki ya mwalimu, umenyooka, vidole vyote vinatetemeka, na haukukanyaga.